Kitenge Kilichoingia kwenye Mnyororo wa Verdiana

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kilosa
Tarehe 16 Julai 1974, saa nne asubuhi

Jina: Ida Timotheo. Umri: miaka 16. Kazi: hana, alimaliza darasa la saba mwaka jana. Dini: Mkristo, Anglikana. Makazi: Kilosa mjini, kwa mjomba wake, Ndugu Hezekia Cleopa.

Afande, naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzunguka. Kitenge alichokuwa amevaa Verdiana siku aliyokufa nilikichoma mimi, jikoni kwetu, chini ya chungu cha maharage. Kilikuwa kimechanika na kina grisi ya mnyororo, kikachelewa kushika moto.

Ndugu Hezekia ni kaka yake mama yangu. Baba yangu alipofariki kule Berega, mjomba alinichukua, akanilea na kunisomesha. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya safari ya baiskeli ya vijana, kutoka Kilosa hadi Mikumi, ya kuchangia wodi ya wazazi katika kijiji kipya karibu na Mikumi. Watu wa kijiji hicho walihamishwa kutoka milimani mwaka huu, na akina mama wanajifungulia kwenye vibanda vya nyasi. Wafadhili waliahidi kutoa bati kwa kila kijana atakayeingia Mikumi akiwa juu ya baiskeli. Atakayeingia akikokota, bati lake halipo. Ndivyo tulivyosomewa.

Mnamo tarehe 5 Julai, asubuhi, tuliondoka Kilosa. Wavulana walikuwa wengi, wasichana tulikuwa watatu: mimi, Verdiana na Generoza, ambao tulisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Verdiana ndiye aliyenifundisha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Sisi watatu tulikuwa tumejishonea suruali za kaki zinazofika magotini, kwa sababu baiskeli zote zilikuwa za kiume na minyororo yake haikuwa na kava.

Tulilala Ulaya, shuleni. Kesho yake tuliendelea kupitia Zombo. Njia ilikuwa na vumbi lakini tulikuwa na furaha. Generoza alinitania njia nzima. Alisema, "Huyu Ida akifika kwa mgeni rasmi atajificha ndani ya kengele ya baiskeli." Verdiana akamjibu, "Mwache mwenzio. Wewe unayeongea sana, mbona mlimani ulinyamaza?"

Tarehe 6 Julai, kama saa kumi alasiri, tulifika kwenye kalavati kabla ya kuingia barabara kuu ya lami. Mjomba alikuwa anatungoja pale na gari la kamati. Alituangalia sisi wasichana, akasema, "Mmekuja hivyo? Mnataka kupita mbele ya mgeni rasmi na wazee wa watu magoti nje, kama wahuni?" Akatoa vitenge vipya vitatu, bado vigumu kwa wanga, akatuamuru tujifunge.

Verdiana alimwambia, "Mjomba, samahani, hiki kitaingia kwenye mnyororo."

Mjomba akasema, "Ukienda taratibu hakiingii. Mama zenu wamepanda baiskeli na khanga miaka yote."

Verdiana akasema, "Mama zetu wanapakiwa nyuma, mjomba. Basi turuhusu tukokote, ni karibu tu."

Mjomba akasema, "Ukikokota, umewanyima akina mama bati. Uwaambie wewe mwenyewe kwa nini wananyeshewa."

Verdiana alikifunga kitenge chake, akakikunja upande wa kulia na kukichomeka kiunoni. Kisha akakichomeka na changu. Mimi ni mtu wa haya, na kwa mjomba sijawahi kusema hapana.

Tuliingia kwenye lami kwa mstari mmoja, upande wa kushoto. Wavulana walitangulia, akafuata Generoza, kisha Verdiana, mimi nikawa wa mwisho. Lori lilitokea nyuma yetu, limebeba mbao. Afande, naomba hili liandikwe vizuri: lori halikuwa linakimbia. Lilipiga honi mapema na kutuachia nafasi. Liliponipita lilikuwa linakwenda polepole kiasi kwamba nilimsikia utingo akisema, "Akina dada, poleni, tuwapakie?" Verdiana akacheka. Ndipo kitenge kikachomoka kiunoni na kuingia kwenye mnyororo. Kilimvuta upande wa kulia kwa ghafla. Alitaka kuweka mguu chini, mguu ukakataa kwa kuwa umefungwa. Akaanguka mbele ya tairi. Breki zililia lakini hapakuwa na nafasi.

Dereva alishuka. Baadaye nilisikia anaitwa Wenceslaus. Alivua koti lake akamfunika Verdiana, akapiga magoti barabarani akisema, "Mwanangu, mwanangu," kama anayemwamsha. Watu walikuja wakitaka kumpiga. Mjomba alifika akasema kwa sauti kubwa, "Alikuwa anakimbiza gari huyu." Dereva akanitazama mimi. Akasema, "Binti, wewe ulikuwa nyuma yake. Umeona. Waambie." Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wakati watu wamemzunguka dereva, mjomba alikata kitenge kwenye mnyororo kwa kisu, akakizungushia gazeti na kunipa. Alisema, "Kachome ukifika nyumbani. Upuuzi wa nguo usiharibu shughuli ya watu." Kisha akawaambia wengine, "Pandeni baiskeli. Mgeni anangoja."

Tulipanda. Tuliingia uwanjani tukapigiwa makofi. Mjomba aliwatajia wafadhili vijana wote waliofika, na Verdiana akamtaja pamoja nao. Bati lake lilitolewa.

Konstebo aliponiuliza jioni ile nilisema sikuona, nilikuwa natazama chini. Generoza alisema lori lilikuwa na mwendo wa kasi. Yeye alikuwa mbele, hakuona, lakini mjomba alikuwa amemwambia aseme hivyo. Simlaumu. Mazishini mama yake Verdiana alinishika mkono akaniuliza, "Alisema nini mwisho?" Nikasema hakusema kitu. Sikuweza kumwambia kwamba alikuwa anacheka.

Juzi tukiwa tunakula, mjomba alisema dereva anapelekwa mahakamani wiki hii na atafungwa, ili iwe fundisho. Alilisema huku akiniongezea mboga. Mjomba si mtu mbaya, afande. Alilia mazishini, nilimwona. Lakini machozi yake hayamtoi yule baba mahabusu. Mwezi ujao ananitafutia nafasi ya mafunzo ya uuguzi, naye ndiye atakayenidhamini. Najua nikisema haya sitakwenda. Huenda pia sitakuwa na pa kulala.

Nyumbani nimeaga kwamba naenda mashineni kusaga. Ndoo yangu ya mahindi iko nje hapo mlangoni. Niliyoyaona na niliyoyafanya nimeyasema yote, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa. Nakuomba, afande, uyatumie kumtoa yule dereva, lakini usimwambie mtu kwamba aliyekuja ni mimi. Hasa mjomba. Nakuomba sana iwe siri yako na yangu.

Sahihi ya shahidi: Ida Timotheo

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, naye ameyakubali kuwa sahihi. Kwa kuwa shahidi ana umri mdogo, inatakiwa mlezi wake naye atie sahihi. Shahidi ameambiwa angoje kwenye benchi. Ndugu Hezekia Cleopa ametumiwa mtu wa kumwita, naye amejibu kwamba anakuja sasa hivi.

Sajini Onesphory
16/7/1974