Kibali cha Barnabé

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Saa mbili nzima za mchezo wetu wa hadithi tukibishana juu ya ngamia! Hadithi ilikuwa imefika pazuri – msafara umekwama kwenye mto mkavu, majambazi wako nyuma, Ashley amejeruhiwa, kila mtu mezani ameshika dadu yake – na Barnabé akafungua kitabu cha sheria za mchezo. Ukurasa wa ishirini na mbili. Ngamia mmoja habebi majeruhi na mitungi minne ya maji kwa pamoja.

"Dada Namuria, kitabu inasema. Wachague: mutu ao maji."

Nikamwambia mimi ndiye msimulizi, na msimulizi ana haki ya kulegeza sheria. Akafungua daftari lake. Ana daftari! Humo ameandika kila uamuzi wangu tangu Mei. Tarehe ishirini na nne ya mwezi huo, ngamia wa Ekwam alikatazwa mzigo kama huohuo. Ekwam akashangaa: kumbe alikuwa na kesi na hakujua. "Ejok, vizuri! Nilipe ngamia yangu!" Tukacheka wote, Barnabé hakucheka.

Mwishowe majambazi wakafika. Nikarusha dadu ya pande ishirini nyuma ya faili langu, ninalolisimamisha ili wasione. Kumi na saba, nikatangaza. Ashley amepona.

Tulipokuwa tukiosha vikombe Ashley aliniambia nichague, Barnabé ama yeye. Wiki nzima anasimama kwenye duka la dawa anabishana na watu kuhusu bei. Jumamosi mchana ndio muda wake pekee. Akitaka korti, ataenda korti, hakimu ana kiti kizuri kuliko hiki cha plastiki.

Nikasema nitaongea naye. Sitaongea naye. Najijua.

Jumapili, 7 Septemba

Barnabé huwa analala kwa Ekwam, kisha Jumapili anapanda gari kurudi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Leo alinisubiri nje ya kanisa na begi lake mgongoni. Akasubiri hadi mama alipotangulia, kisha akaniambia kitu kimoja, kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa. Akanitakia Jumapili njema. Akaenda steji.

Sitaandika alichosema.

Alhamisi, 11 Septemba

Barnabé ametuma picha ya fomu yake ya kibali. Imejazwa kwa herufi kubwa, safi kama fomu ya mtihani. Imebaki barua yangu tu.

Ndivyo tunavyofanya kila mara. Mtu wa kambini hatoki Kakuma bila kibali, na kibali hakitoki bila barua ya aliyemwalika. Mimi humwandikia kwenye karatasi yenye nembo ya kituo chetu cha vitabu: "Warsha ya Usimulizi, Lodwar, Jumamosi hadi Jumapili." Madam Sylvia, mkuu wangu, hajui. Anajua kuna vijana wanakuja kusoma chumba cha nyuma. Hajui kuhusu dadu, na hajui kabisa kuhusu nembo. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Sijajibu. Alama mbili za bluu zimeshaonyesha kwamba nimesoma.

Jumatatu, 15 Septemba

Barnabé: "Dada, habari ya kazi? Ninakumbusha tu barua. Merci."

Nimeandika. Nimetuma. Mikono ilikuwa mizito kana kwamba naandika kwa matope. Kwa nini niliituma? Kwa sababu kukataa kunahitaji maneno, na kutuma ni kubonyeza.

Jumatano, 17 Septemba

Ofisi ya vibali Kakuma imepiga simu. Hupiga mara mojamoja, kuhakiki. Bwana Kamande, mpole, sauti ya mtu aliyekula vizuri. Ana barua hapa ya Barnabé fulani, warsha Jumamosi hii. Ni kweli?

Nikasema: "Hapana. Jumamosi hii hatuna shughuli yoyote."

Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Akashukuru.

Ningependa kuandika kwamba Madam Sylvia alikuwa amesimama karibu, nikaogopa. Hakuwepo. Alikuwa ameenda benki. Kulikuwa na mimi, feni, na mtoto mmoja akisoma vitabu vya picha sakafuni. Ilikuwa rahisi mno! Sikumfukuza mtu. Sikugombana na mtu. Atanyimwa kibali mara hii moja, Ashley atatulia, na baadaye tutaona.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumecheza bila yeye. Raha! Msafara umevuka mto, Ekwam ameoa binti wa mfalme wa chumvi, mahari ngamia themanini, Ashley ndiye mshenga na ameiba kumi. Hakuna aliyefungua ukurasa wowote.

Halafu, kama saa kumi, Ekwam alirusha dadu ikaangukia mbili. Alitaka kuruka ukuta. Mbili haimvushi mtu hata kizingiti. Nikasema sawa, umeruka. Akanitazama.

"Kwa mbili?"

"Kwa mbili."

Akaokota dadu, akaigeuzageuza. Akasema hii sasa ni kama mpira bila refa, kila mtu anafunga tu. Alisema akicheka. Lakini baada ya hapo akawa anarusha bila kuangalia imeangukia nini, ananiuliza mimi: nimepita? Nimepita?

Jioni ujumbe wa Barnabé: "Pole kwa kukosa. Kibali haikutoka, wamesema nirudi Jumatatu. Bila shaka ni makosa yao. Usisumbuke, dada. Mhusika wangu alinde maji."

Alinde maji. Sikuwa hata nimemtaja mhusika wake mchana kutwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Barnabé alipiga saa tano. Nikamwacha alie mara mbili – simu, namaanisha – ya tatu nikapokea.

Wamemwambia barua yake ni ya uongo. Aliyemwalika amekana. Faili lake limewekwa alama: waraka wa udanganyifu. Hapati kibali mpaka jambo hili lisafishwe, au miezi sita ipite. Aliniambia haya bila hasira, kama mtu anayesoma kipimajoto. Ana hakika walipiga namba isiyo yangu.

"Wewe utawaambia tu, dada. Unawaambia ile barua ni yako, basi, inaisha."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ametaja mezani hata siku moja, kwa sababu mezani tunaongea ngamia. Alhamisi ya tarehe mbili Oktoba ana intavyuu hapa Lodwar. Diploma ya ualimu, wanalipiwa kila kitu, wamechagua watu tisa kambi nzima. Miaka sita amefundisha hesabu darasa la watoto mia moja na kumi bila cheti. Asipofika, nafasi inaenda kwa wa kumi.

Nikasema: "Nitaangalia."

Nitaangalia! Kana kwamba ni sufuria jikoni.

Jumatano, 24 Septemba

Sijalala vizuri siku mbili. Sijala pia, ila chai. Mama anasema nina malaria. Ningekuwa nayo ningefurahi.

Kila nikianza kumlaumu naona ubaya wake unapungua. Anabishana – ndiyo. Anakatiza watu – ndiyo. Alimwambia Ashley kwamba mfanyabiashara wa chumvi hawezi kuongea kama mtu wa duka la dawa. Yote ni kweli. Lakini hakuna mtu anayepewa alama kwenye faili kwa kukatiza watu.

Na si kwa hayo nilimfanyia hivyo. Hilo ndilo ninalozunguka tangu Jumapili ile.

Alhamisi, 25 Septemba

Niliwaita Ashley na Ekwam kwa chapati, nikawaambia. Nilianza na "wewe Ashley ulisema nichague." Ashley akaweka chapati chini.

"Mimi nilisema umwambie aache! Nilisema upigie serikali?"

Nikasema sikupigia, walinipigia.

"Wacha hesabu hizo. Unaongea kama yeye sasa."

Ekwam akauliza polepole, jambo ambalo si la Ekwam: "Uliambia hiyo ofisi Barnabé ni mwongo?"

"Sikusema mwongo. Nilisema hatuna shughuli."

"Hiyo mtu? Hiyo mtu ikikosa shilingi mbili ya soda inarudi usiku kukulipa. Hiyo ndio umefanya mwongo?"

Akaosha mikono, akaondoka. Ashley alibaki akakunja chapati zake kwenye gazeti. Mlangoni akaniuliza ni nini hasa alinifanyia huyu jamaa. Nikasema hakuna.

Basi naandika. Ile dadu ya tarehe sita haikuwa kumi na saba. Ilikuwa tatu. Ashley alipaswa kufa mtoni. Barnabé alikuwa amekaa pembeni, aliona nyuma ya faili, na hakusema neno mbele ya watu. Nje ya kanisa aliniambia: "Mi naliona tatu. Sitaiandika kwa daftari. Lakini tafazali, dada, usirudie. Tukijua dadu iko ya uongo, hatuna mchezo."

Alinifichia. Mtu anayeandika kila kitu alikubali kuacha mstari mtupu kwa ajili yangu. Na hapo ndipo nilipoanza kumchukia.

Jumamosi, 27 Septemba

Hakuna mchezo leo. Nimeandika barua nne.

Ya kwanza ilikuwa kweli tupu: nilipigiwa, nilidanganya, barua ni yangu. Nikaisoma kwa jicho la Madam Sylvia, nikaichana. Ofisi wataona barua ya kituo, watapiga kwa mkuu wa kituo. Nembo, warsha isiyokuwepo, mkataba. Mama amezoea mshahara wangu.

Ya nne ndiyo nzuri. "Kulitokea kutoelewana baina ya pande zote mbili kuhusu tarehe ya shughuli." Ni fupi, ina heshima, haimgusi mtu. Nimeikunja ndani ya daftari hili.

Nimempigia Barnabé. Jumatatu nakuja mwenyewe. Alifurahi hadi akachanganya lugha tatu. Nauli ni kubwa, dada, usingekuja, ungetuma tu. Nimesema ni wajibu wangu. Neno gani hilo kinywani mwangu!

Jumatatu, 29 Septemba. Kakuma

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya vibali. Jua kali, mabati yanalia.

Barnabé alinipokea steji na chupa ya maji baridi aliyoifunga kwa kitambaa. Shati limepigwa pasi. Njiani akauliza kuhusu mhusika wake, nikatunga: yuko kwenye kisima, analinda. Akaridhika.

Bwana Kamande ana umbo jembamba, si kama sauti yake. Akasoma barua yangu mara moja, akatabasamu. Watu husahau tarehe, sisi hatuna shida na mtu kusahau. Shida ni karatasi tu. Maadamu barua inasema pande zote mbili, pande zote mbili zitie sahihi, alama inafutwa leo na kibali kinaandikwa kabla ya Alhamisi. Akaisukuma kwa Barnabé pamoja na kalamu.

Barnabé akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Vilevile anavyosoma ukurasa wa ishirini na mbili. Kidole kikasimama.

"Kutoelewana gani? Mi nalielewa vizuri. Tarehe ilikuwa ishirini."

Kamande akasema ni lugha tu ya ofisi, kijana, weka sahihi twende.

"Pole, mzee. Nikiweka sahihi, nasema na mimi nilikosea. Ni nani alipigiwa simu?"

Nikasema mimi. Akanigeukia, hajaelewa bado – uso wake ulikuwa bado unanisaidia! – akauliza walisikia vibaya? Nikasema hapana, walisikia vizuri. Nilisema hakuna shughuli. Nilijua ipo.

Hakupaza sauti. Akauliza kama ni kwa sababu ya ile tatu.

Nikasema ni kwa sababu ya Ashley. Hata pale! Hata pale, na uongo ukatoka mwepesi kama mate.

Akarudisha kalamu mezani. Akamwambia Kamande kwamba hawezi kusaini. Kamande akatutazama kwa zamu, akavua miwani. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa: naweza kuandika nyingine, inayosema yale niliyosema sasa hivi. Hiyo haihitaji sahihi ya kijana. Ila nakala yake itaenda kwa mkuu wa kituo, ndiyo kanuni, hana la kufanya. Dirisha linafungwa saa saba. Leo likifungwa, kibali hakiwahi Alhamisi. Akanipa karatasi nyeupe.

Sasa ni saa sita na dakika arobaini. Barnabé amekaa mwisho mwingine wa benchi, mikono magotini. Mwanamke aliye kati yetu, mwenye mtoto wa kunyonya, amesogea nyuma kidogo ili tuonane. Sijui kwa nini amefikiri tunataka kuonana.

Karatasi iko chini ya daftari. Nimeandika tarehe juu yake na jina la ofisi. Humu daftarini nimeandika kurasa mbili bila kuinua kalamu.

Saa sita na dakika arobaini na tisa. Kamande amechungulia dirishani, ameangalia saa yake.

Barnabé amesimama. Anakuja. Anadhani ninachoandika muda wote huu ni barua – anauliza kama nimemaliza, kama anaweza kuisoma kwanza. Amenyoosha mkono kuelekea daftari hili, nami bado naandika.