Dakika Tano za Kukaribisha Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Tumepata kundi! Watu themanini na sita, siku tatu, ukumbi wa juu unaotazama ziwa, na wote wanalala hapahapa. Tangu hoteli ifunguliwe upya hatujapata kundi la maana, ukiacha harusi moja na madaktari wa meno waliokimbia mvua siku ya pili. Meneja alishaanza kututazama kwa jicho la nani abaki, nani aende. Leo kapita jikoni anapiga mluzi.

Barua pepe niliijibu mimi. Kwenye maandishi sina mpinzani! Vyumba, vikao, matembezi ya mlimani, boti za kuzunguka ziwa, vyote nimewapangia kabla ya saa sita mchana. Nikatuma. Ndipo nikasoma jina la chama chao mpaka mwisho.

Chama cha Watu Wenye Kigugumizi. Mkutano wa mwaka.

Chai yangu ilipoa mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike wazi, daftari halina mdomo wa kunicheka. Nina kigugumizi tangu nianze kusema. Hapa kazini ni mwaka wa sita, na anayejua ni mmoja tu, dada wa mapokezi, ambaye hunipigia simu zangu zote. Wengine wananiita Bibi Kimya. Wanadhani naringa. Waache wadhani! Maneno magumu nayazunguka kama mashimo ya barabarani. Ya "k" ndiyo mabaya zaidi. Mratibu wa mikutano, na "karibu" hainitoki! Nasema "ingieni", nasema "mmefika salama?" Natabasamu sana.

Leo dada wa mapokezi hayupo, mwanawe anaumwa. Simu ikalia mezani kwangu. Ikakatika. Ikalia tena. Nikainua.

Mwanamke. Akasema yeye ni mwe-mwe-mwe... akakwama. Akavuta pumzi, akaanza upya taratibu: mwenyekiti wa chama. Wala hakuomba radhi! Akauliza majaketi ya kuelea ya watoto, ya kwenye boti, yako mangapi.

Yako kumi na mawili. Jibu ninalo. Lakini "kumi" ikaganda kooni. Nikangoja anisaidie kulimalizia, kama wanavyofanya watu wote. Hakunisaidia. Alikaa tu kwenye simu, nasikia anavyopumua, mpaka neno likatoka lenyewe.

"Kumi na mawili," akarudia, kama anayeandika. Halafu akauliza kwa upole, "Dada, na wewe ni mwenzetu?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Mtandao! Aibu gani hii.

Jumapili, 9 Machi

Nimemsimulia mama. Akaniambia nipange mambo yangu, maneno niwaachie wenye midomo. Mama ndiye aliyekuwa akinijibia tangu utotoni — dukani, shuleni, kila mahali. Daktari aliniuliza wapi panauma, mama akasema tumbo, kumbe ni sikio. Nikanyweshwa dawa ya minyoo! Leo tumelicheka hilo mpaka machozi.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaendelea kukunja nguo. Kisha, bila kunitazama: alikuwa akiogopa watoto wa watu watanicheka. "Nikaona bora niwahi kusema mimi. Kumbe nilikuwa nakuziba mdomo, mwanangu."

Nikachukua shuka, tukaikunja pamoja, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Mwenyekiti ameandika tena. Wanaomba neno la ukaribisho kutoka hotelini, dakika tano, litolewe na "yule dada aliyepokea simu".

Meneja akacheka. "Bibi Kimya ahutubie? Haya, kumekucha!"

Ikabidi nimwambie. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema sentensi moja, ikachukua karibu dakika nzima. Aliitazama saa ya ukutani. Si kwa ubaya, najua, macho yalimponyoka. Baadaye akasema pole, kwa nini nilimficha miaka yote hii, nisiwe na wasiwasi, atazungumza yeye.

Nikamshukuru. Nikatoka nimepumua.

Sasa mbona sina raha?

Jumatano, 19 Machi

Ukumbi tayari. Viti tumevipanga nusu duara, hakuna wa kumpa mwenzake mgongo. Fundi wa umeme, tunayemwita Waya kwa wembamba wake, amejaribu vipaza sauti vyote kwa kuimba. Mungu amsamehe!

Kwenye ratiba wameomba kitu sijawahi kukiona: kila msemaji apewe muda mara mbili ya ule wa kawaida. Nimepanga hivyo. Mkutano mzima umekuwa mpana, una nafasi. Sijui nieleze vipi. Kama chumba kilichotolewa kabati.

Mvua tangu asubuhi.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya kufika wageni, na mlima umemwaga udongo barabarani! Hakuna aliyeumia, ila mabasi yao yamekwama kijiji cha ng'ambo ya ziwa. Meneja kashika kichwa. Anasema tuahirishe. Dada wa mapokezi ana simu mbili masikioni, wageni wengine wanamfokea.

Mimi nikaangalia ziwa. Limetulia kabisa! Barabara imefungwa, maji hayajafungwa.

Boti zetu ni mbili tu. Zinahitajika sita au saba, tena zenye majaketi ya kutosha. Lazima kuwapigia wenye boti wote wa ufukwe huu, mmoja mmoja, sasa hivi. Nani apige?

Nimepiga mimi. Watu kumi na mmoja! Wa kwanza alikata, alidhani ni mtoto anachezea simu. Nikampigia tena. Wa tatu akanicheka — nikamngoja amalize kucheka, nikaendelea na saa ya kuondoka. Wa tano akaniambia, "Sema tu mama, niko hapa." Mpaka wa nane nilikuwa nimesahau kuona haya, nilikuwa nawaza majaketi.

Saa kumi jioni boti ya kwanza ikatia nanga. Mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu mkononi akashuka majini mpaka magotini, akanisikia nikikwama kuhesabu majaketi, akanifuata moja kwa moja.

"Mtandao umepona?" akaniuliza.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nikamwambia ndiyo, umeanza kupona.

Jioni nilimfuata meneja ofisini. Nikamwambia kesho nitazungumza mimi. "k" zote zilinigomea, nikazisukuma moja moja. Safari hii hakutazama saa. Akasema, "Nikae karibu, endapo utakwama?" Nikamwambia akae mbali.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nyuma ya ratiba, nimekaa kiti cha mbele. Waya amenirekebishia kipaza sauti, akaninong'oneza kwamba hata nikikohoa tu kitasikika vizuri. Mshenzi huyu!

Hotuba niliiandika kurasa mbili, maneno yote mepesi niliyozoea kukimbilia. Asubuhi nimeichana. Ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na mtu ndani.

Ukumbi umejaa. Babu mmoja anasalimiana na jirani yake, salamu imechukua muda wake, na wote wawili wanacheka. Hakuna anayemharakisha mtu. Madirishani ziwa lote, jeupe kwa jua.

Meneja yuko mlangoni. Ameninyooshea kidole gumba, kisha kama amekumbuka, akasogea nyuma ya nguzo nisimwone.

Mwenyekiti ameshika kipaza sauti. Anasema sasa tutasikia kutoka kwa mwenyeji wetu. Ameanza kulitaja jina langu. Amekwama kwenye herufi ya kwanza. Hana haraka, nao hawana haraka.

Mimi nimeshasimama —