Binti Aliyetolewa kwa Ngome ya Jirani

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu nyingi, nyingi mpaka karatasi ilemewe. Hujambo? Goti lako limeacha kulia? Na huyo mume wako, bado anakoroma kama jenereta? Mimi mzima, ila meno yamebaki ya kupigia picha tu. Anayeniandikia ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu fundi friji. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asininyooshee maneno. Ameshaanza kucheka. Andika, mke mwenzangu, andika.

Mdogo wangu, roho imenichafuka. Si tumbo, tumbo ni zima. Ni huyu mwanangu wa kumzaa ndiye ananitia kinyaa.

Unaikumbuka sebule yangu ilivyokuwa inang'aa? Sasa ni karakana. Kwenye kiti changu imekaa kompresa ya friji, inavuja mafuta. Nyuma ya mlango kuna friji la mtu lililoozewa na nyama, harufu imeingia mpaka kwenye mapazia. Na hapo katikati, mtu mzima na kipara chake, na soksi za juzi, anacheza mchezo wa kompyuta. Anakula mkate na siagi juu ya vile vitufe, makombo yanazama, anayafukua kwa bisibisi, anayala. Nimeona kwa macho yangu haya. Ptu!

Mchezo wenyewe ni wa Wajapani wa zamani. Kila bwana ana ngome yake, bendera yake na askari wake, na wote wanagombea nchi moja. Yeye kachagua ukoo mdogo kuliko wote, umebanwa ufukweni, huku jirani mkubwa, huku jirani mkali. Mimi naketi nyuma yake juu ya ndoo, maana kiti si kina kompresa, basi nikaujua mchezo bila kutaka. Mkakati alinieleza mwenyewe, kifua mbele kama jenerali. Eti ukoo mdogo haupigani pande mbili. Unampoza jirani mkubwa, theluji ikiyeyuka na njia zikafunguka unampiga yule mkali, unachukua mashamba yake ya mpunga. Ukishanona, unamvizia yule mkubwa jeshi lake likiwa mbali, unamgeukia. Nikamuuliza, unampozaje? Akasema unampa binti yako amuoe.

Na kweli kwenye kioo kuna kabinti, kapicha tu, kameshika upepeo. Akakatoa. Harusi yenyewe haikuzidi hata kikohozi changu kimoja. Mpunga ukajaa, askari wakajaa, na siku ya siku akamgeukia mkwe wake, akaichoma ngome. Nikamuuliza, na binti je, si yumo mle ndani? Akatafuna mkate wake, akasema binti alishafanya kazi yake. Kapicha kakawa keusi. Akanicheka, mama, unalilia picha? Ni mchezo tu.

Mchezo, haya.

Wiki iliyopita kaizima kompyuta, kavaa shati lenye kola. Nikajua kuna jambo. Hapa mtaani kuna mwenye duka la vipuri, ndiye mkubwa, na kuna fundi wa kona, mwenye ulimi mkali, anayetunyang'anya wateja. Mwanangu akapanga vitu mezani: kopo la sukari ndiye wa vipuri, chumvi ndiye fundi wa kona. Kikombe akakiweka kwetu. Akasema kijana wa mwenye vipuri anatafuta mke. Tukimpa binti yetu, vipuri vinakuja kwetu kwanza, fundi wa kona anakauka. Tukishasimama, mkwe akisafiri kufuata mzigo, tunafungua duka letu la vipuri ubavuni mwake.

Nikamuuliza, na binti yetu je, si atakuwa yumo mle ndani? Akakisukuma kikombe kwa kidole mpaka kwenye sukari. Akasema, atazoea.

Halafu akanipa kazi. Eti binti ananisikiliza mimi, basi mimi ndiye balozi, nimlainishe. Nikaitikia kwa kichwa. Akanibusu kwenye paji na mdomo wake wa siagi. Najipangusa mpaka leo.

Leo ndiyo katuacha wawili nyumbani, nifanye ubalozi. Na huyu anayeandika alikuwa hajui lolote mpaka mistari hii. Hapo kwenye "atazoea" karatasi imetoboka, usidhani ni panya. Ni kalamu.

Nimemwambia hivi, na aandike: mimi sisukumi mtu kwa kidole. Kama anamtaka yule kijana, aichane barua hii sasa hivi, nami nitavaa vizuri nimsindikize. Kama hamtaki, barua haipiti posta. Aibebe mwenyewe, na nguo zake, aje kwako. Ananiuliza, na wewe bibi, baba akirudi? Namjibu, mwambie mdogo wangu kwamba mimi ni ngome ya zamani. Aje achome, aone.

Haya, mwenzangu, kalamu ninaisikia bado inatembea.

Basi kama unaisoma, ujue hakuichana. Yuko mlangoni kwako. Mfungulie kwanza, mengine utasoma akishakaa. Msalimie mume wako, mwambie alale ubavu, kuna mgeni. Goti ulikande.

Ni mimi dada yako. Jina sijui kuliandika, ila kidole gumba changu hiki hapa.