Kidonge cha Daku

Nairobi, 14 Januari 2025

Mama mpendwa,

Salaam aleikum. Natumai u mzima, na ngamia wa mjomba Galgalo kule Gotu wanakamwa vizuri. Mimi sijambo, kazi tu.

Mama, umekubaliwa kwenye jaribio la dawa yetu ya kumeza. Tangu nikiwa darasa la tano nimekuona ukijidunga sindano ya sukari, sasa utapumzika. Uliuliza insulini inapitaje tumboni bila kuliwa kama nyama. Kazi yangu ndiyo hiyo. Tunatengeneza vichembe vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, tunaifungia insulini ndani yake, nayo inatoka ikishafika kwenye utumbo. Meza kidonge kimoja kabla ya chai ya asubuhi na kimoja kabla ya chakula cha mchana. Likitokea lolote, mwambie nesi wetu wa jaribio, Kinanu.

Binti yako,
Amran

Kiwanjani, Isiolo, 9 Februari 2025

Amran mwanangu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, mvua tu ndiyo imetukimbia. Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii inasikilizwa na kila mtu, hata mbuzi. Na kwa kuwa ni wewe uliyenipeleka gumbaru kujifunza kusoma uzeeni, usilalamikie mwandiko.

Paja langu limepumzika. Soko lote la maziwa linajua ni binti yangu anayeifungia hiyo dawa. Abiba, tunayeuza naye maziwa, anasema nimeanza kuringa. Kweli naringa, kwani nimeringa mara ngapi maishani?

Ila Ramadhani inakuja. Sindano haikuvunja saumu, sheikh alituambia, lakini kidonge kinamezwa. Nifanyeje?

Mama yako

Kiwanjani, 16 Machi 2025

Amran mwanangu,

Salaam aleikum. Saumu inaendeleaje huko? Mimi nashukuru Mungu.

Ulinijibu kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, na anayetaka kufunga amwambie Kinanu arudishwe kwenye sindano mpaka Idi. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikirudi kwenye sindano sitaitwa tena. Nikawa nameza vyote viwili wakati wa daku, ili mchana nisiweke kitu mdomoni.

Jumanne sukari ilinishuka nikaanguka sokoni, mbele ya mitungi yangu. Abiba alinitia sukari mdomoni kwa kiganja chake, nikaila nikilia kama mtoto, kwa sababu saumu ilikuwa imekwenda. Watu aliwaambia ni joto. Abiba hatasema. Sasa nimeacha ujinga huo, kimoja nameza daku, kingine futari. Na kidole kimoja cha mguu kimetoa kidonda kidogo.

Haya nakuambia wewe peke yako. Usimwambie mtu.

Mama yako

Kiwanjani, 27 Machi 2025

Amran,

Salaam aleikum. Natumai u mzima.

Jana gari la jaribio lilisimama mlangoni kwangu. Kinanu aliingia na wanaume wawili, majirani wakajaa uani. Akaniuliza kuhusu Jumanne. Nikasema sijui Jumanne gani. Akatoa simu yake, na ndani yake nikaona mwandiko wangu. Barua yangu, Amran, na kulia kwangu, na kiganja cha Abiba, kwenye simu ya mtu baki. Mmoja wa wale wanaume aliisoma kwa sauti, watu wakisikia.

Wamechukua vidonge, wamenitoa. Abiba sasa anaitwa mwongo sokoni kwa ajili yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikidhani ni maneno ya wazee.

Nilimwandikia mwanangu. Sikuiandikia ofisi.

Mama yako

Nairobi, 6 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Salaam aleikum, na Idi njema ingawa imepita. Nimepiga simu, hupokei.

Mama, wafungao si wewe peke yako. Yuko mzee wa Oldonyiro anayeishi peke yake na dawa ileile. Akimeza viwili daku, nani atamtia sukari mdomoni? Nisingeweza kunyamaza. Lakini ningeweza kuwaambia habari bila kuwapa barua. Wakubwa walitaka ushahidi, nami nikapiga picha haraka ili waniamini. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua utakataa. Hapo nilikukosea, na naona haya.

Umerudi kwenye sindano? Kidonda kikoje? Niambie.

Binti yako,
Amran

Nairobi, 22 Juni 2025

Mama,

Salaam aleikum. Hii ni barua ya nne bila jibu. Nilipokuja Mei ulinipikia, ukanitandikia kitanda, ukaniuliza habari za Nairobi kama mgeni. Mguu ulikuwa ndani ya soksi na hukutaka niuone.

Abiba amenipigia. Anasema unachechemea, na kwamba umefunga kitambaa mguuni. Mama, kidonda cha mtu wa sukari hakisubiri. Kama kimeanza kunuka, au kuwa cheusi, nitakuja leo hii nikupeleke hospitali. Nitukane ukipenda, lakini niambie ukweli. Sitamwambia mtu.

Binti yako,
Amran

Kiwanjani, 13 Julai 2025

Mpendwa Amran,

Waaleikum salaam. Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia u mzima. Sisi huku wote wazima, hatuna neno. Mjomba Galgalo anakusalimia, na watoto wake wanakusalimia. Maziwa yapo, bei si mbaya.

Sukari yangu ni nzuri. Mguu ni mzima. Abiba hatakupigia tena, nimemwambia una kazi nyingi.

Sina zaidi. Salimia wote huko.

Mama yako