Mama, Usiupande Kama Muhogo

Goma, siku ya Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mupenzi,

Asalaam aleikum, wewe na wote mulio chini ya paa lako. Salima mudogo wangu, wewe ndiye utamusomea mama barua hii, basi soma yote. Usiruke mahali unapoona haya, na usiongeze ya kwako. Ninakujua.

Mama, magoti yanasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilifika, ama iliishia kwa watu wa njiani? Na paa la jikoni lililokuwa linavuja upande wa kuku, walishalitengeneza? Sisi huku ni wazima, Alhamdulilahi. Papa Asani bado anaendesha lori lake la kwenda Bunagana, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Asani amepita darasa, na sasa anadhani yeye ndiye shefu wa nyumba. Mimi nimenenepa kidogo. Salima asicheke.

Sasa ninakuja kwenye neno lenyewe. Ile siku nilipokupigia simu nikilia, ulisema kitu kimoja kabla rezo ya simu haijakatika: "Mwanangu, kama watu wa huko hawakutaki, rudi nyumbani." Tangu siku ile tumeongea mara nyingi, na kila ukinigusa hapo mimi nakuuliza habari za karanga. Ninajua kwamba ulijua ninakwepa. Lakini simu inakatika katikati na mutu anabaki na nusu ya neno, na neno hili sitaki ulisikie nusu. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Nitakueleza tangu mwanzo, kisha nitakujibu.

Ilianza na Papa Asani. Miaka mitatu iliyopita alileta kutoka Bunagana kipande cha muti, urefu wa mukono wangu, kijani, chenye pembe tatu na miiba midogo, bila jani hata moja. Mufanyabiashara mumoja wa Uganda ndiye alimupa, akamuambia kitazaa tunda wanaloita pitaya, na wengine wanasema tunda la joka. Jina lile la pili sikulipenda. Lakini alinionyesha picha kwenye simu, ganda la waridi lenye magamba, ndani nyeupe na mbegu nyeusi ndogo sawa ufuta, nikashindwa kukataa.

Basi mimi, mutoto wa Kasongo, nani atanifundisha kupanda? Kile kipande nilikikata viwili, sawa vile tunakata muti wa muhogo. Hapa kwetu chini ni mawe meusi ya volkano matupu, kwa hiyo nikanunua mifuko miwili ya udongo muzuri, ikaletwa na chukudu, ile baiskeli yao ya mbao. Nikatengeneza tuta, nikapanda siku ileile, nikamwagilia asubuhi na jioni, na nikajisifu kwa majirani. Baada ya wiki mbili kimoja kilikuwa kimeoza, kinanuka sawa kabichi iliyosahauliwa ndani ya mufuko. Cha pili kilipona juu ya sababu moja, mbuzi wa jirani alikuwa amekiburuta mpaka nyuma ya choo na mimi sikuona. Kilikaa pale juu ya mawe, bila udongo, bila maji, na siku nilipokiokota hakikuokoteka. Kilikuwa kimetoa mizizi na kushika jiwe. Papa Asani alicheka mpaka akakaa chini.

Ndivyo nilivyojifunza. Ule muti ukiukata unauacha kivulini siku saba mpaka kidonda kikauke, kisha unauegemeza kwenye mawe na kwenda zako. Hautaki kubembelezwa.

Na Goma, mama, ni mawe. Ukuta ni mawe, njia ni mawe, na kila nyumba ya avenyi yetu, huu mutaa wetu, ina lundo la mawe lisilo na kazi. Muti wetu ulipopanda ukuta na kuanza kuning'inia upande wa pili, wanawake wakaanza kuomba, nami nikawakatia. Wa kwanza alikuwa Mama Neema, jirani wa mulango kwa mulango. Mwisho wake nilikuwa nimegawa kwa nyumba kumi na moja. Mimi mugeni, mutu wa kutoka kwetu Maniema nisiyejua Kinyarwanda, niliyekuwa ninasalimiwa kwa kichwa tu, nikawa ninaingia jikoni kwa watu bila kupiga hodi na kuambiwa nionje chumvi ya mboga. Nilifurahi sana. Sikukueleza wakati ule juu nilikuwa na kazi ya kufurahi.

Mutu mumoja tu alinifungia mulango. Ni Muzee Kamana, aliyekimbia vita kutoka Kalengera, kule kwao Rutshuru, na kisha akafiwa na muke wake hapa. Yeye pia ana pitaya, imefunika ukuta wake wote wa nyuma, na mikono ya muti wake ni minene kuliko ya wa kwetu. Nilienda kwa adabu kumuomba kipande, nikamupelekea na mandazi. Alipokea mandazi, akasema kisu hakigusi muti ule, akafunga. Nikarudi nikisema, kwa sauti aliyoisikia vizuri, kwamba wachoyo nimewaona lakini huyu ni bingwa wao. Ndiyo, Salima, nilisema.

Mwaka jana miti yote ikatoa maua. Mama, ungeona ua lile! Ni kubwa sawa sahani ya wali, jeupe, linafunguka jua likiingia na asubuhi limesinyaa. Tulitoa viti nje kuyaangalia. Kisha tukangoja matunda. Maua yakageuka manjano, yakaanguka. Yakaja tena mara ya pili, yakaanguka tena. Nyumba kumi na mbili na yangu ndani yake, hakuna tunda hata moja.

Hapo maneno yakaanza. Kwanza ilikuwa utani, kwamba nimewapa miti dume. Kisha nikasikia kwenye bomba la maji kwamba yule mwanamuke wa Maniema ameifunga miti kwa uchawi, anataka izae kwake tu. Kwangu nako haikuzaa, lakini nani alikuja kuangalia? Na Mama Neema alikuwa na kidonda chake. Muke wa mutoto wake wa kwanza yuko ndani ya ndoa mwaka wa tatu na hajapata mimba, na kuna mutu alimuuliza: huo muti usiozaa uliingia kwako lini?

Asubuhi moja nikafungua mulango nikakuta pitaya ya Mama Neema imeng'olewa na kutupwa mbele ya kizingiti changu. Kufika jioni zilikuwa nne. Hakuna aliyenitukana. Walitupa wakaenda zao, na watoto wao wakaacha kuja kucheza na Asani. Hiyo ndiyo siku niliyokupigia nikilia. Rezo ilipokatika nilikwenda moja kwa moja kutoa sanduku chini ya kitanda.

Nguo za Asani zilikuwa tayari ndani wakati Muzee Kamana alipobisha. Hakutaka kuingia, maana Papa Asani alikuwa safarini. Akaangalia miti iliyotupwa, akaniuliza ilitoka wapi. Nikamujibu kwa hasira kwamba yote ilitoka kwangu, kwenye kile kipande kimoja cha Bunagana. Muzee akatikisa kichwa.

"Basi ni muti mumoja, mwanangu," akasema. "Umekata muti mumoja ukauweka nyumba kumi na mbili. Hauwezi kujioa wenyewe."

Akanieleza kwamba marehemu muke wake, Maria, alikuwa na aina mbili kule Kalengera. Jioni maua yakifunguka alichukua unyoya wa kuku, akakusanya unga wa ua la huyu, akamupaka yule, na walikula matunda kila mwaka. Walipokimbia, Maria alifunga kipande kimoja ndani ya kitenge chake. Nafasi ilikuwa ya kimoja tu. Kilishika mawe ya hapa, na Maria akafa kabla hakijatoa ua. Miaka mitano sasa kinatoa maua yasiyozaa, na muzee alijua sababu yake.

Nikamuuliza, basi juu ya nini hukuniambia nilipokuja na mandazi? Akaangalia chini. Akasema aliona nimekuja na kisu mukononi.

Ilikuwa kweli, mama. Wewe ulinifundisha kwamba ukienda kuomba miti ya muhogo unabeba kisu chako, ili mwenye shamba asisumbuke. Ile ni heshima kwetu. Yeye aliona mutu anakuja kukata kitu cha Maria kabla hajaruhusiwa. Nikamuomba samahani, ya kisu na ya maneno niliyosema njiani. Akasema yale ya njiani yalimuchekesha, hakuwa amecheka muda mrefu.

Sanduku nililiacha pale lilipokuwa, wazi, nikasema nitangoja maua ya mara moja tena.

Yalikuja baada ya wiki tatu. Jua lilipoingia, muzee akaja na unga wa manjano ndani ya kifuniko cha chupa, pamoja na unyoya, na mimi nikabeba wa kwetu. Tulianzia kwenye muti wa Maria, kisha wa kwangu, kisha tukapita nyumba saba zilizokuwa bado zina miti. Fikiria, muzee wa Rutshuru mbele, mwanamuke wa Maniema nyuma, tunapaka maua ya watu unga kwa unyoya wa kuku. Wengine walitufungulia juu ya heshima ya muzee. Mama Neema alisimama mulangoni kwake na mikono kifuani mpaka tukapita.

Kila asubuhi niliamka nikaenda kuangalia kabla ya kunawa uso. Siku ya tano maua yalikuwa yamekauka, lakini ile kijani chini yake haikuanguka. Ikavimba. Niliogopa kumuambia mutu. Baada ya mwezi na siku kidogo matunda yalikuwa yamekuwa waridi kwenye kuta zetu, na watu wa avenyi nyingine walikuja kupiga picha. Nisikudanganye kuhusu utamu: nanasi la Kasongo linalishinda mbali, hili ni maji baridi yenye sukari kidogo. Lakini la Maria, ndani ni jekundu kabisa. Muzee Kamana alikula lake la kwanza amekaa juu ya jiwe, midomo imekuwa nyekundu, na alilia mbele yetu bila kujificha.

Alipomaliza alinipa kisu chake.

"Kata wewe," akasema.

Nikakata kipande cha muti wa Maria, yeye ameangalia pembeni. Nikamuuliza wa kwanza kupata awe nani. Akasema Mama Neema, maana aliyesema mengi kuliko wote ndiye atautunza kuliko wote. Mimi sikutaka, mama. Nilikuwa bado nimekasirika, na kile kipande kilipokauka siku zake saba nilikibeba sawa mutu aliyetumwa kulipa deni la mwingine.

Mama Neema alinifungulia, akaangalia mukono wangu. Akaniuliza kama nilisikia aliyoyasema juu yangu. Nikamuambia niliyasikia yote.

"Na bado unaniletea?"

"Anayekuletea ni muzee. Mimi nabeba tu."

Alicheka, kisha akaanza kulia, akanishika mukono. Akasema maumivu ya mukwe wake yalimutafutia mutu wa kulaumu, na mimi ndiye nilikuwa karibu, na mugeni. Akasema, "Nilikukosea, Mama Asani." Neno hilo alilisema mulangoni, pale pale aliposimama na mikono kifuani, na wapita njia wakisikia. Siku ile nilikula kwake. Mukwe bado hajapata, tunaomba Mungu, lakini hakuna tena anayetafuta aliyemufunga.

Mama, ndani ya muzigo huu utakuta vipande viwili ndani ya gazeti. Chenye uzi mwekundu ni cha Maria, kile kingine ni cha kwetu. Usivipande kama muhogo. Weka matofali yaliyovunjika, viegemeze karibu karibu, na maji kidogo sana. Kimoja kikifa njiani, usipande kingine peke yake, niambie nitume tena. Na Muzee Kamana anakuomba jambo moja: vikizaa, kabla hamujakula, umutaje Maria wa Kalengera, hata kama hapo hakuna aliyemujua.

Unisalimie mujomba anayesomesha watoto musikitini, umuambie Asani amefika juzuu ya tatu. Unisalimie shangazi wa njia ya soko, na dada yangu mukubwa na watoto wake wote, na yule bibi jirani aliyenisuka nywele siku ya ndoa, kama bado anaona vizuri. Aksanti kwa shemeji aliyekubali kubeba muzigo wenye miiba.

Nimesalimia kila mutu, mama, na sasa sina tena pa kukimbilia. Salima, hapa soma polepole.

Sirudi. Nitakuja, njia zikitulia, na Asani, na nitakaa mpaka unichoke. Lakini ile kurudi uliyonifungulia mulango, aksanti, ufunge. Kwetu munanipenda tangu nilipozaliwa, sikufanya kazi yoyote ili munipende. Huku nilipendwa, nikakataliwa, kisha mutu akasimama mulangoni kwake akasema mbele ya watu kwamba alinikosea. Mama, kitu kama hicho, mutu hakipati mara mbili katika maisha yake. Ukilia, lia kidogo, kisha ukapande.

Mimi mutoto wako,
Mwavita