Maneno Mawili Ubaoni

Bel-Air, Lubumbashi
Tarehe 21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Liévin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeamkaje? Kidonda kinakauka? Unakula, au unachezea sahani kama zamani ulipokuwa ukificha maharagwe mfukoni? Usiniambie haraka haraka kwamba uko salama, nakujua. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa, vumbi la Septemba limetukaba koo, na mvua ya kwanza bado inatuzungusha. Mengine ni uzima.

Barua hii atakuletea Gaëlle, yule binti wa jirani anayerudi Ubelgiji Jumanne. Nimekupigia simu mara sita na hupokei. Sikulaumu. Nimeona nishike kalamu, maana karatasi huwezi kuikata kabla sijamaliza.

Binti yako Plamedie amenieleza yote. Alinipigia Jumapili iliyopita, nikasikia tu kwa sauti kwamba mtoto amelia. Akasema: "Tantine, papa balimupasula kifua. Alilala ku hôpital juma mbili. Njo kule alikuwa anaandika kila asubui. Na mulikuwa munabifuta byote." Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, mboga ikaungua, na sikuinuka kuiepua.

Neno lako lilikuwa moja tu, la kuamka kwa lugha ya kampi: "Nimelamuka." Asubuhi kumi na moja uliliandika, na asubuhi kumi na moja nililifuta kwa mkono wangu huu.

Ngoja nikuambie nilivyowaza wakati ule, si kwa kujitetea. Godefroid alipofungua jukwaa letu la Wana wa Kampi kwenye simu, alitaka sisi watoto tuliokulia kampi ya wafanyakazi wa reli, tuliotawanyika Likasi, Mitwaba, Ndola hadi huko kwako, tuzungumze tena kama zamani. Akanikabidhi mimi usimamizi, eti kwa kuwa nilifundisha Kifaransa miaka thelathini na moja. Kosa la kwanza lilikuwa lake.

Na kweli, mdogo wangu, jukwaa lilikuwa linanitia hasira. Godefroid aliandika kurasa nzima kuuliza nani anakumbuka nyimbo za kwaya yetu ya Pasaka. Akajibiwa "Amina" sita, "Ok" nne, na vidole gumba sijui vingapi. Huguette wa Ndola akaandika "Courage", kana kwamba tumefiwa. Nikasema haya si mazungumzo, huku ni kupiga chafya. Nikaweka sheria: ujumbe usiofika maneno ishirini unafutwa. Nilijisikia nimerudi darasani, na kalamu yangu nyekundu mkononi.

Ulipoandika "Nimelamuka" mara ya kwanza, nilicheka. Mara ya nne nikakujibu mbele ya watu wote: "Liévin, hapa si kengele ya shule. Andika sentensi kamili." Nayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko ninavyopenda. Uliendelea siku saba zaidi, kisha mashine ikatuandikia kwamba umetoka kwenye kundi. Ujumbe ule nao haukufika maneno ishirini, lakini huo sikuweza kuufuta.

Sasa nikuulize kitu. Ubao wa kampi bado unaukumbuka?

Mimi tangu Jumapili siuoni mwingine. Ule mweusi nje ya ofisi, uliopasuka pembeni, ambao karani Katongo aliandika juu yake kwa chaki kila asubuhi baada ya kusikiliza simu ya reli. Jina la mwendesha treni, na stesheni aliyopita mwisho. Basi. "Stanislas, Tenke." "Stanislas, Bukama." Papa alikuwa maneno mawili kwa wiki nzima, na tulikuwa tunatosheka.

Unakumbuka akina mama walivyosimama pale na mabeseni yao ya nguo? Katongo akiandika Bukama, mama alikuwa anasema: "Bukama? Basi keshokutwa tutakula samaki wa huko." Mwingine anamjibu kwamba mume wake yeye bado yuko nyuma, kwa hiyo njia ya Luena ina shida. Wa tatu anauliza shida gani. Jua linapanda, nguo hazijafuliwa, wao bado wako pale. Nimefundisha watu insha maisha yangu yote, na sijawahi kusikia mazungumzo matamu kama yale yaliyotoka kwenye maneno mawili ya chaki.

Halafu kuna zile siku tatu ambazo jina la papa halikuandikwa. Wewe ulikuwa na miaka mitano, labda umesahau. Treni ilikuwa imetoka relini huko mbele na hakuna aliyejua lolote. Mama alikwenda ubaoni kabla ya jua na hakuna mwanamke aliyemwacha asome peke yake. Walimletea uji pale pale. Wewe ulishika kikwembe alichojifunga, hukutaka kukiachia, ukawa unaniuliza mimi, dada yako mkubwa: "Yaya, papa bamuandika?" Siku ya nne Katongo akatoka, chaki ikamvunjikia, akaokota kipande: "Stanislas, Luena." Mama aliketi chini kwenye vumbi. Ni neno moja la stesheni lililompa mume wake tena.

Na mimi, binti wa mwanamke yule, nimekuwa nikisimama mbele ya ubao na dasta mkononi.

Ninaona haya, Liévin. Umelala hospitali ugenini, kifua kimeshonwa, unakusanya nguvu za kidole kimoja kutuambia kwamba Mungu amekupa asubuhi nyingine, na dada yako anahesabu maneno. Hakuna aliyekuuliza: "Umelamuka wapi? Kwa nini unatuambia?" Swali moja lingetosha. Nisamehe. Naliandika hili kwa wino, libaki.

Jumatatu niliwaambia wote jukwaani nilichofanya, na sheria nikaiondoa. Saa sita akaandika shangazi Régine, ambaye kule Mitwaba hupanda kilima ili simu yake ishike mtandao, na hupata nafasi ya maneno machache kabla haujakatika. Alikuandikia wewe, ingawa hupo: "Liévin, uko gare ya wapi?" Alitaka stesheni, kama ubaoni.

Ungeona! Huguette akaukumbuka ubao, Godefroid akaleta ile hadithi ya chaki iliyovunjika, mtu wa Likasi nisiyemjua akasema Katongo alikuwa babu yake na aliandika kwa mkono wa kushoto. Siku mbili hawakulala. Niliogopa kugusa chochote. Bado nasema "Ok" nne si mazungumzo, hapo usinibadilishe. Ila sasa najua kilichokosekana kwetu si maneno. Tuliacha kusimama pale mtu mwenzetu anaposoma.

Godefroid amekufungulia mlango tena. Sikuombi urudi kwa hotuba. Usituandikie habari za madaktari kama hutaki. Swali la shangazi bado liko juu kabisa, nimelibandika, na kila siku anapanda kilima kuangalia kama umelijibu. Ana miaka themanini na mbili. Nakuomba usimwache arudi chini bure.

Wanakusalimu Godefroid na mke wake Benita, Huguette, na kijana wangu Doudou ambaye sasa ana ndevu na anajiona mzee. Msalimie sana Plamedie, umwambie alinigombeza kwa haki na simchukii. Mpe Gaëlle chai, ametoka mbali.

Mungu aliyemrudisha papa Luena akuwekee mkono wake pale walipokushona.

Ni mimi, yaya wako akupendaye hata anapokukaripia,

Hortense, Bel-Air.

N.B. Jina langu na mahali nilipo nimeyaandika hapo juu kama Katongo alivyokuwa akifanya. Chini yake nimeacha mstari mtupu. Ni wako.