Sentensi Yangu ya In Spite Of

Jumanne, 3 Februari 2009

Leo Mwalimu Okeyo ametufundisha in spite of. Ndiyo "licha ya" kwa Kiingereza, amesema, ile ya kuandikia watu wa ofisi. Darasa zima la watu wazima, hapa kanisani Munyaka, wakaandika despite of. Wote! Mimi tu ndiye nilipata. Mimi Waithira, niliyetoka shule darasa la sita! In spite of the rain, the children went to school, yaani licha ya mvua, watoto walienda shule. Tiki kubwa, kalamu nyekundu.

Nimefungua kiosk nikicheka peke yangu. Ciku wangu akauliza, mum, umeokota nini?

Alhamisi, 5 Februari

Mwalimu amekataa mambo ya mvua. Anataka sentensi ya ukweli, ya nyumbani kwetu. Nilifikiria sana. Nikaandika: In spite of sharing a fence, my neighbour and I do not greet each other. Yaani ua ni moja, salamu hakuna.

Akaiandika ubaoni! Haina kosa, akasema, hata koma iko mahali pake. Watu wakapiga makofi. Nilijaa kifua — halafu nikageuka. Kipkemboi ameketi nyuma. Jirani mwenyewe.

Mwaka jana, nyumba yetu ikichomwa kwa ile ghasia ya uchaguzi, mimi na Ciku tulibisha kwa lango lake tukilia. Redio ilikuwa inaongea ndani. Hakufungua. Tukaishia kwa hema, kambi ya wakimbizi pale Showground. Tangu turudi kujenga, yeye kimya, mimi kimya.

Alinakili sentensi yangu polepole, akatoka.

Siifuti. Grammar iko sawa. Na mambo yenyewe ni hayo.

Jumamosi, 7 Februari

Kipkemboi amekuja kwa kiosk! Sikujua niweke mikono wapi. Hakununua kitu.

"Mama Ciku," akasema, macho chini, "baada ya in spite of, naweza kuweka being afraid?"

Being afraid — kuogopa. Na ni mimi anauliza, si Mwalimu!

Nikamwambia inaingia. Inaingia vizuri kabisa. Lakini hiyo ni nusu, nikasema, bado sentensi haijaisha. Licha ya kuogopa, ulifanya nini?

Akaomba kuketi.

Yuko kwa benchi hapo nje saa hii, kitabu kwa magoti. Ameandika neno, amelikata. Ciku amempelekea chai bila kuniuliza. Nami sijamwambia jirani aende zake. Ameshika kalamu tena —